Nilipotumwa Mishumaa

Mke wangu Khairiya hasemi jambo lake mpaka liwe limekwisha. Tulipohama apatimenti ya Irving, huku Texas, kwenda nyumba ya Grand Prairie, watu wetu walijua tumehama siku ya Idi, walipokwenda kutugongea wakafunguliwa na familia ya Kimeksiko. Rukaya, shoga yake wa miaka yote, alinuna mwezi mzima. Uraia wetu ulipotoka, mimi mwenyewe nilikatazwa kuchekacheka msikitini. "Utacheka nyumbani," aliniambia ndani ya gari, na kweli nilikwenda kucheka nyumbani.

Usimdhanie mchoyo. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wapo wazee wa pale wanaokataa kula mpaka awalishe yeye. Mtu akiugua kwa watu wetu, uji wa kwanza kufika mlangoni ni wa Khairiya. Anachoficha ni heri ya nyumba yake. Bibi yake kule Wete alimlea hivyo: mimba haitangazwi, safari haitangazwi, na uchungu wa kuzaa haambiwi hata mume. Mwanamume hutumwa mbali kwa kisingizio chochote, akirudi anamkuta mtoto keshaoshwa. Watu wana macho, na macho yana husuda, na mwanamke aliye kwenye uchungu hana ngao. Hiyo ndiyo elimu aliyopewa.

Mimi nilikuwa namtania kwa hayo yote. Niliacha kumtania mwaka juzi.

Binti yetu Afnan amekulia Irving. Aliolewa na Hudhaifa, kijana ambaye wazazi wake ni wa Unguja lakini yeye kazaliwa Leicester, daktari wa mifugo, na kazi ikawapeleka kwenye bonde moja la kondoo kaskazini mwa Uingereza. Mimba yake ya kwanza Afnan aliitangaza kama mtoto wa Texas anavyotangaza. Picha ya mtoto tumboni ilizunguka kwenye simu za akina mama wa Dallas, ikafika Houston, na shangazi zake wa Houston wakakata keki mbele ya kamera. Mimba ikiwa ya miezi minane mtoto akafia tumboni. Khairiya hakumlaumu mtu kwa mdomo. Alijitoa tu kwenye lile kundi la simu, na tangu siku hiyo mtu akimuuliza habari za Afnan hujibu, "Yupo, alhamdulillahi," basi.

Mimba ya pili ilipokuja, tuliijua watu wanne. Tulisafiri Aprili, wiki nyingi kabla ya tarehe, ili Khairiya awepo mwanawe akijifungua na amlee arobaini. Watu tuliwaambia tunakwenda Florida. Sasa, mimi ni dereva wa basi la abiria pale DFW, uwanja wa ndege wa Dallas, nusu ya wafanyakazi wa pale wananijua, na walinikuta nimepanga foleni ya London na masanduku mawili ya mdalasini, pilipili manga, mafuta ya nazi, mvuje na kanga za kumfunga mzazi tumbo. "Florida?" akaniuliza mmoja. Nikamwambia tunapitia njia ndefu.

Bonde lenyewe ni zuri, siwezi kusema uongo. Vilima vya kijani pande zote, kuta za mawe zinazopanda mpaka juu, kijito katikati, kondoo na wana-kondoo. Lakini mimi lilinitia hofu tangu saa ya kwanza. Barabara ni ya gari moja, unaendesha kushoto, na ukuta wa mawe unakukwangua kioo. Nimezoea barabara za Texas ambazo unaweza kulala na kuamka ukiwa bado kwenye laini yako. Na kile kimya! Nyumbani usiku kuna lori, kuna ndege, kuna jirani na muziki wake. Kule ukikaa kitako unasikia damu yako masikioni. Simu haikamati mpaka upande kilimani kwenye lango la shamba. Hospitali iko mjini, karibu saa nzima kwa gari.

"Hudhaifa," nilimwambia mkwe wangu, "mtu anazaaje huku?"

"Baba, tuna plan," akasema. Wiki mbili za mwisho wangehamia mjini, chumba karibu na hospitali kishakodiwa. Ilikuwa mipango mizuri na nilitulia kidogo.

Khairiya hakutulia. Yeye kimya hakikumsumbua, walimsumbua majirani. Kutoka dirishani tuliona nyumba nne tu, na ya karibu zaidi, ng'ambo ya uwanja wa malisho, ilikuwa ya mkulima mmoja mnene wa makamo aitwaye Mark. Kila asubuhi mke wa Mark alisimama dirishani kwake akitazama kwetu. Kila gari iliyopita mbele ya nyumba ilipunguza mwendo, na dereva akainua kidole juu ya usukani na kuchungulia ndani.

"Wanatazama nini hawa?" Khairiya alisema. "Hawana kazi?"

Basi mapazia yakafungwa. Afnan alivishwa dira na juu yake koti la mumewe, akawa hatoki mpaka kuwe na ukungu. Mark alipokuja langoni siku moja kuuliza hali, Khairiya alimjibu kupitia upenyo wa mlango kwamba Afnan ana mafua.

"Mama, this is silly," Afnan alisema. "Tumbo lote hili! Everybody can see me."

"Kuona wataona. Kuambiwa hawaambiwi."

Afnan alinitazama ili niseme kitu. Nikalivuta pazia vizuri. Niliikumbuka ile keki ya Houston, na nikafikiri kwamba kufunga pazia hakumuui mtu.

Siku yenyewe ilianza na upepo. Ulivuma usiku kucha, ukaangusha waya mahali, na tulipoamka hakukuwa na umeme, wala intaneti, wala simu ya nyumbani. Hudhaifa alikuwa ameondoka kabla ya alfajiri, kaitwa mlimani kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Mvua ilikuwa inanyesha bila kupumzika. Nilikuwa nakunywa chai ya jiko la gesi pale Khairiya alipotoka chumbani kwa Afnan, amechangamka kuliko hali ya hewa.

"Baba Afnan, hebu nenda dukani utuletee mishumaa. Na maziwa. Na usiharakishe, njia inateleza. Ukitaka kaa huko unywe kahawa yako."

Nikachukua ufunguo. Gari iliyobaki ilikuwa moja tu, ile niliyokodi mimi. Katika ndoa yetu yote Khairiya hajawahi kuniambia nisiharakishe, na mimi nikashukuru nikatoka, bwege mkubwa.

Kati ya nyumba na kijiji cha chini pana mahali ambapo kijito kinakatisha juu ya barabara. Siku nyingine kinalowesha matairi tu. Siku ile maji yalifika karibu na mlango, lakini nilipita.

Dukani mwanamke aliyekaa kwenye kaunta alinifungia mishumaa, akaniuliza kwa upole, "Binti yako yu hali gani? Imekaribia, eti?"

Mimi nimefunzwa na Khairiya. "Imekaribia nini?" nikamwambia. "Ana mafua tu. Na amenenepa kidogo kwa baridi."

Alinitazama, akatazama mvua, kisha akanipa chenji. Nikanunua na kahawa. Nikainywa taratibu, kama nilivyoagizwa.

Nilipogeuza gari kurudi, barabara haikuwepo. Pale kwenye kijito palikuwa na mto wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda mbio, umebeba matawi na kipande cha lango la mtu. Nguzo ya kupimia maji iliyosimama pembeni ilibaki ncha. Nilishuka, nikaingiza mguu, nikautoa. Kigari kile cha kukodi kingekwenda na maji kama kopo. Simu nikaiinua huku na huku, hamna kitu.

Nilisimama pale mvuani na mishumaa yangu, na ndipo akili ikaanza kufanya kazi. Mishumaa? Kabati la jikoni lilikuwa na mishumaa, niliiona mwenyewe juzi. Maziwa tulinunua jana yake. Na lile neno, usiharakishe. Nikakumbuka Afnan alipozaliwa Wete, nilitumwa mkaa Chake Chake, mkaa ambao ulikuwa unauzwa nyuma ya nyumba. Mdogo wake alipozaliwa Irving, nilitumwa kubadilisha oili ya gari saa ambayo mimi nilitaka kulala.

Nimetumwa! Nilisema kwa sauti, peke yangu, mbele ya maji yale. Afnan yuko kwenye uchungu, wiki tatu kabla ya siku yake, na mama yake amenitoa nyumbani pamoja na gari.

Sijawahi kuogopa vile. Nilimwona akilini yule mtoto wa kwanza, ambaye sikumwona ila kwenye simu, amefungwa kitambaa cheupe. Nilipiga honi mpaka mkono ukauma, nikipigia nani sijui. Nilisoma kila nilichojua, nikachanganya aya. Nikaapa nitaogelea, na mimi ni mtu wa Pemba nisiyejua kuogelea, aibu hiyo naiweka hapa wazi. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja pale niliposikia muungurumo upande wa pili.

Ilikuwa trekta, kubwa, ya kijani, taa zote zinawaka mchana ule. Iliteremka mpaka ukingoni, ikaingia majini polepole bila kusita, maji yakapanda mpaka katikati ya yale magurudumu makubwa. Ndani ya kile kibanda cha vioo nilimwona Mark kwenye usukani, Afnan amekaa kiti cha pembeni amejikunja, na Khairiya wangu amesimama amebanwa nyuma yao, mtandio umeanguka mabegani, anafuta kioo kwa kiganja ili anione.

Yaliyotokea nyumbani alinieleza baadaye. Alidhani kuna muda, maana uchungu wa kwanza haukuwa mkali. Hazikupita dakika nyingi baada ya mimi kuondoka, chupa ikapasuka, na uchungu uliokuja baada ya hapo haukuwa wa mchezo. Afnan akasema hamsikii mtoto akicheza. Khairiya akakimbilia mlangoni, akakumbuka gari imekwenda na mimi. Akatazama ng'ambo ya malisho, nyumba ya Mark.

Anasema alisimama pale kizingitini, na mguu haukutoka. Binti yake analia ndani, na yeye anatafuta namna ya kuomba msaada bila kusema ni wa nini. Mwishowe alikatiza yale malisho na ndala zangu, akaanguka matopeni, akainuka, kondoo wanamkimbia. Mark akafungua mlango. Na hata hapo, matope mpaka magotini, Khairiya alisema, "Samahani, binti yangu hajisikii vizuri kidogo."

"Ni mtoto?" Mark akauliza.

Khairiya anasema neno lile moja lilikuwa zito kuliko masanduku yote aliyowahi kubeba. "Ndiyo," akasema. "Mtoto anakuja."

Mark hakushangaa. Mkewe alikuwa tayari nyuma yake na mablanketi. Njiani, ndani ya trekta, Mark alimweleza Khairiya kwamba bonde zima lilijua tangu majira ya baridi. Walijua na habari ya yule wa kwanza, maana Hudhaifa hakwenda kazini wiki ile na mkulima mmoja akauliza. Mke wa Mark alikuwa anatazama dirisha letu kila asubuhi kuona kama kumekucha salama. Magari yalikuwa yanapunguza mwendo kwa sababu hiyo hiyo. Na trekta, tangu mvua zianze, Mark alikuwa anailaza imeelekea barabarani, tangi limejaa. "Tulingoja mtuambie," alisema. "Hatukutaka kuwaingilia."

Hayo sikuyajua pale majini. Pale nilimpokea Afnan mikononi, mzito, anatetemeka, ananiambia, "Baba, just drive. Please, drive." Tukamlaza kiti cha nyuma cha gari, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Mark akanishika bega, akaniambia niende, yeye atapanda mlimani kumtafuta Hudhaifa.

Nimeendesha abiria miaka mingi, wenye kuchelewa ndege, wenye kugombana, na mmoja aliyezirai. Sijapata kuendesha kama siku ile. Nilishika kushoto, nikajikuta kulia, nikarudi kushoto. Kuta zilinikaribia. Afnan alikuwa akipiga kelele, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi. Karibu na mji tukakuta barabara inachimbwa, taa nyekundu ya muda imesimamisha magari yote. Nikafunga breki. Khairiya akateremsha kioo, akatoa kichwa na nusu ya kifua mvuani, akawapigia wachimbaji ukelele kwa Kiingereza chake cha nyumba ya wazee:

"Mwanangu anazaa! Tupisheni! Mwanangu anazaa huku!"

Watu kwenye magari waligeuka wote. Wachimbaji wakakimbia, wakavuta vizuizi vyao pembeni, mmoja akatutangulia akipunga kitambaa. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu kwenye kioo kama mtu nisiyemjua.

Hospitalini walimpokea mbio. Mkunga aliweka kipimo tumboni, akasikiliza, akaita mwenzake, na wote wawili wakaacha kutabasamu. Mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Walimwingiza kwenye operesheni, mlango ukafungwa, tukabaki sisi wawili kwenye viti vya plastiki, tumelowa.

Nilikasirika. Nasema wazi. Hofu yote iligeuka hasira.

"Kwa nini hukuniambia, Khairiya?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Uchungu si mambo yenu."

"Nisingeondoka na gari! Hilo tu. Nisingeondoka na gari."

Aliinama akatazama chini. Matope yalikuwa yamekauka kwenye ndala zangu miguuni mwake. "Nilitaka kumlinda," akasema. "Yule wa kwanza tulimtangaza akafa. Nilisema huyu nitamficha asionwe hata na Malaika wa kifo." Kisha akalia, na mimi hasira ikanitoka, nikamshika mkono. Hatukujua kama tunalia mapema au tumechelewa.

Mlango ukafunguka. Khairiya ndiye aliyesimama. Daktari, mwanamke mdogo kuliko Afnan kwa kumtazama, alishusha barakoa akasema mama mzima, mtoto mzima, wa kike, mdogo lakini anapumua mwenyewe. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo. Akaongeza kwamba tungechelewa kidogo zaidi angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Hudhaifa alifika wakati huo, ananuka ng'ombe, akakaa chini sakafuni.

Waliruhusiwa wiki ile ile, tukarudi bondeni. Maji yalikuwa yamekwisha kushuka. Texas hatukumwambia mtu, msidhani Khairiya aligeuka mwingine. Mtoto alipakwa wanja mkubwa kwenye paji la uso ili asipendeze, akafungwa mvuje mkononi wa kukinga husuda, akafunikwa shela, na amri ikatolewa kwamba hapana mgeni atakayemwona kabla ya kutimia arobaini. Mapazia yakafungwa kama kwanza. Nilisikitika lakini sikugombana naye.

Asubuhi moja Mark akaja. Hakubisha hodi, alisimama langoni na mabuti yake ya mpira, akaniuliza mama na mtoto wanaendeleaje. Nikamwambia wazima. Hakuomba kuingia. Akatikisa kichwa, akasema vizuri, na akageuka aende zake.

"Mwambie angoje," Khairiya akasema nyuma yangu.

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amembeba mtoto kifuani, akapita mbele yangu pale mlangoni, akavuka ua mpaka langoni, nje kabisa, mahali ambapo madirisha ya nyumba zote nne za bonde yanaona. Mke wa Mark alikuwa kwenye dirisha lake. Khairiya akaishika pembe ya shela akaifunua, uso wa mtoto ukatoka kwenye mwanga.

Mark akainama. "Jamani, mzuri alioje," akasema. "Na anavyopendeza!"

Mimi nilifumba macho. Kwetu sisi maneno yale, bila kulitaja jina la Mungu, hata adui hamtamkii mtoto mchanga. Nilipofumbua nilitazama mikono ya Khairiya. Ilikuwa bado imeshika pembe ya shela, na midomo yake ilikuwa inasoma kimyakimya, haraka haraka, aya baada ya aya. Mark alikuwa bado anamtazama mtoto, anacheka, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Khairiya hakumfunika.